Anza na gari la mwisho: kuongoza TEHAMA ya misheni ya kimataifa Nyanda za Juu Kusini

Ukipewa kazi ya kuongoza TEHAMA kwenye misheni ya kimataifa hapa Mbeya, siku ya kwanza utaoneshwa chumba cha seva. Utaona kabati, swichi na nyaya, na kabla hujakaa mtu atakuuliza kwa nini Wi-Fi ya ghorofani inasuasua. Mjibu kwa upole, kisha nenda kwa msimamizi wa magari umuulize swali moja: gari lililo mbali kuliko yote leo liko wapi, na likipata shida sasa hivi litatuambiaje?

Ninaposema misheni sizungumzii misheni ya kanisa kama ile ya Rungwe au Tosamaganga. Nazungumzia kazi za kimataifa zinazokuja na magari meupe: chanjo, mafuriko, utafiti wa magonjwa, chakula, wakimbizi. Nimeshughulika na mawasiliano ya kazi hizo kwa miaka kadhaa, na makosa makubwa niliyoyaona yalikuwa na mzizi mmoja. Mawasiliano yalipangwa kuanzia ofisini kwenda nje. Ofisi ya Forest, mtaa wa hapa Mbeya mjini, inapata kila kitu, Tukuyu inapata nusu, na muuguzi aliyeko Ikombe, ukishapita Matema, kijiji unachokifikia kwa mtumbwi au kwa miguu, anapewa makombo. Mwongozo huu unaanza kwake.

Hatua ya 1: Chora ramani ya ukimya

Omba wiki mbili kabla hujaagiza kifaa chochote. Chukua gari, dereva anayezijua njia, daftari, na simu nne za bei ndogo, kila moja na laini ya kampuni yake. Pita barabara zote ambazo misheni itazitumia: Mbeya hadi Kyela na Matema, Isyonje kupanda Kitulo hadi Makete, Njombe hadi Ludewa, Mbeya hadi Chunya, Mbeya hadi Tunduma, na ile kubwa ya Makambako, Mafinga hadi Iringa. Kila baada ya kilomita tano simama. Piga simu, tuma ujumbe mfupi, fungua ukurasa mmoja wa intaneti. Andika kilichotokea kwenye kila laini, pamoja na saa na hali ya hewa, kwa sababu mnara unaotegemea sola unaweza kuwa hai saa saba mchana na ukazimika alfajiri baada ya siku tatu za ukungu.

Usitosheke na simu zako. Kila kijiji ambacho mtandao wake ni wa shida kina mahali pake pa kupigia simu: jiwe, kichuguu, kona ya shamba la chai. Wenyeji wanapajua kuliko kifaa chochote. Shuka kwenye gari, salimia, uliza.

“Shikamoo mzee. Hapa kwenu simu inashika wapi?”

“Marahaba mwanangu. Panda pale kanisani, simama upande wa kengele. Ila mvua ikianza usijisumbue.”

Maneno hayo yaandike kama alivyoyasema. Siku gari litakapokwama maeneo yale, dereva atahitaji kujua upande wa kengele kuliko kujua nguvu ya mawimbi kwa tarakimu.

Mipakani kuna jambo la kuliangalia kwa makini. Tunduma na Kasumulu simu hudaka mnara wa Zambia au Malawi kabla hujavuka. Gharama zinapanda, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba saa ya simu nayo hubadilika, kwa kuwa nchi hizo mbili ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tuliwahi kumtafuta dereva saa nzima, watu wameshika vichwa, kumbe yuko salama kabisa: simu yake ilikuwa imejirudisha nyuma. Zima urekebishaji wa saa wa moja kwa moja kwenye simu zote za magari. Ukiwa hapo, malizia na jambo la pili la saa. Mgeni akiambiwa “tuwasiliane saa mbili” anaweza kuelewa saa nane mchana, na mwenyeji akisoma “8:00” akaelewa saa nane vilevile. Ratiba zote ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, na pembeni yake maneno ya Kiswahili: 08:00, saa mbili asubuhi.

Hatua ya 2: Vibali kabla ya vifaa

Kila redio inayotangaza mawimbi na kila dishi la setilaiti linalorusha linahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Unahitaji leseni ya masafa, na vifaa vyenyewe viwe vya aina iliyoidhinishwa kutumika nchini. Ofisi yao ya kanda iko Mbeya, kwa hiyo nenda mwenyewe, na nenda mapema. Nimeona redio mpya zikikaa kwenye maboksi kwa sababu makao makuu yalizituma kwanza, yakaanza kuuliza vibali baadaye. Pia usikubali ushauri wa kuleta dishi lililosajiliwa nchi jirani kwa kuwa “huko linafanya kazi”. Setilaiti inaweza kukubali, lakini sheria ya hapa haijakubali, na siku litakapokamatwa ni jina la misheni nzima litakalochafuka.

Kuna Mkataba wa Tampere wa 1998, ulioanza kutumika 2005, unaohimiza nchi kurahisisha uingizaji wa vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa. Ujue, lakini usiujengee ratiba yako. Jenga ratiba juu ya barua ya TCRA na makaratasi ya forodha ya TRA.

Laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, wageni kwa pasipoti zao. Zisajiliwe kwa jina la taasisi kila inapowezekana. Mfanyakazi anayeondoka na laini iliyosajiliwa kwa jina lake anaondoka na namba ambayo vijiji ishirini vinaipiga wakipata dharura.

Hatua ya 3: Njia tatu zisizotegemeana

Watu husema tuna laini za kampuni mbili, basi tuko salama. Hapana. Kampuni mbili zinaweza kukodi mnara mmoja, zikatumia umeme mmoja na mkongo mmoja uliofukiwa kando ya barabara moja. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile kuwa na laini mbili hakukusaidia sana. Aprili ya mwaka huohuo tope la mlima Kawetere liliporomoka Itezi, hapahapa jijini. Jiulize kama njia yako ya pili inapita kwenye mlima uleule na njia ya kwanza.

Njia ya kwanza ni simu za kawaida. Itumie kadiri inavyowezekana, ni rahisi na kila mtu anaijua.

Njia ya pili ni redio, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Redio za VHF, zile za masafa ya juu sana, ni nzuri mjini na kwenye msafara wa magari, lakini mawimbi yake huenda kama jicho linavyoona. Mlima ukikaa katikati, mazungumzo yamekwisha. Mtu aliyeko Tukuyu na mtu aliyeko Mbeya wametenganishwa na Rungwe na safu ya Uporoto, kwa hiyo utahitaji ripita, kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya, juu ya kilima, na ripita inataka kibali, ulinzi, betri na mtu wa kuipandia wakati wa mvua. Kwa eneo letu, moyo wangu uko kwa redio za HF, zile za masafa ya chini kuliko VHF. Mawimbi yake yanaweza kurushwa karibu wima kwenda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa na kushuka kama mvua juu ya eneo la kilomita mia kadhaa. Milima haiyazuii kwa sababu hayapiti kwenye milima. Makete anazungumza na Mbeya, Ludewa anazungumza na Iringa, bila mnara wala bando.

Lakini ni lazima antena ifungwe kwa kazi hiyo. Mafundi wengi wanainyanyua juu kabisa wakiamini juu ndiko kuzuri. Kwa mawimbi ya kwenda juu na kushuka, waya uliolala sambamba na ardhi, kimo cha mita tano hadi nane, unafanya kazi vizuri zaidi kwa majirani wa kilomita 100 au 200. Urefu wake unaupata kwa kugawa 143 kwa masafa yako ya megahezi: kwa megahezi 7 waya mzima ni kama mita 20 na nusu, umegawanywa katikati. Omba TCRA masafa yasiyopungua mawili, moja la juu kidogo kwa mchana na moja la chini kwa usiku, kwani tabaka lile la hewa hubadilika jua likizama na masafa ya mchana yanaweza kufa ghafla saa moja jioni. Opereta asiyelijua hili atasema redio imeharibika. Kwenye gari lililosimama, fimbo ya antena ikiinamishwa kuelekea nyuma na kufungwa kamba, mara nyingi sauti ya karibu huimarika.

Njia ya tatu ni setilaiti. Zile za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa safari hiyo ya kwenda na kurudi jibu huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Wafundishe watu kumaliza sentensi, kunyamaza, kusubiri. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, setilaiti zilizo karibu na longitudo yetu ziko karibu utosini, upande wa kaskazini kidogo. Kwa hiyo mlima wa mbali si tatizo. Tatizo ni mparachichi au mkaratusi uliokaa juu ya dishi, ambao mwaka ujao utakuwa umeongeza matawi. Dishi linalotazama juu hivyo hukusanya maji na majani, kwa hiyo mkabidhi mlinzi kazi ya kulifuta. Na Tukuyu, ambako mvua ni miongoni mwa nyingi kuliko zote nchini, chagua huduma ukijua kwamba kati ya bendi mbili za setilaiti, Ku na C, mawimbi ya Ku ndiyo hudhoofishwa zaidi na mvua kubwa. Dhoruba ya alasiri itakukatia kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo redio inapochukua zamu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme kwa mkono

Fanya hesabu kwa kalamu, mbele ya meneja, ili aelewe pesa inaenda wapi. Tuchukue kituo kidogo cha Makete. Modemu ya setilaiti wati 40, ruta na swichi 20, redio ikisikiliza tu 10. Jumla wati 70, mara saa 24, ni 1,680. Ongeza kompyuta mpakato mbili za wati 45 kwa saa nane, 720. Kwa siku unahitaji wati-saa 2,400.

Betri ya volti 12 yenye amp-saa 200 imeandikwa 2,400, na hapa wengi hukosea wakanunua moja. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku, umeiua. Kwa hiyo unaihesabu 1,200, unahitaji mbili kwa siku moja, na nne ukitaka kuvumilia siku mbili bila jua. Paneli nazo: ukihesabu saa nne za jua la kweli unahitaji wati 600, ongeza theluthi kwa upotevu, zinakuwa 800. Upande wa Tukuyu au kwenye ukungu wa Makete nahesabu saa tatu, nafika kama 1,100.

Betri za lithiamu ni nyepesi na zinavumilia kushushwa zaidi, lakini hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Mtu wa Dar atakwambia Tanzania hakuna baridi hiyo. Mwambie aje Kitulo, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, alfajiri ya mwezi wa saba, aone sakitu nyeupe juu ya nyasi. Betri iwekwe ndani ya chumba, kwenye boksi la mbao lenye maranda, na chaja iwe ile inayokataa kuchaji kwenye baridi kali.

Jenereta nayo huchoka kwenye mwinuko, karibu asilimia 1 kwa kila mita 100. Ile ya kVA 5 ukiifikisha Kitulo inakupa chini ya 4. Nunua ukijua hivyo.

Hatua ya 5: Radi

Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, radi ndiye adui mkubwa wa kazi yako. Kila nguzo ya antena iwe na waya mnene wa shaba hadi kwenye vyuma vya athi, yaani vyuma vilivyozikwa ili kupeleka umeme wa radi ardhini, na athi ya nguzo, ya jengo na ya sola ziunganishwe pamoja. Zikiachwa tofauti, radi itatafuta njia ya kutoka moja kwenda nyingine, na njia hiyo itakuwa ruta yako. Pima ukinzani, lenga omu 10 au chini. Kwenye udongo wa Rungwe si kazi ngumu sana. Iringa, ambako unachimba futi mbili unakutana na mwamba uleule wa Gangilonga, itakubidi uzike vyuma vingi vilivyosambaa. Fundi akitaka kumwaga chumvi ili kipimo kishuke, mkatalie: chumvi hula shaba, na mvua mbili tatu zitaisomba.

Kisha weka desturi: wingu likikusanyika, kebo ya antena ya HF inachomolewa na kutupwa nje ya dirisha. Mazungumzo yatasubiri.

Hatua ya 6: Taarifa za watu

Mtandao wa ofisi wenyewe sitaueleza sana. Tenganisha Wi-Fi ya wageni na ya kazi, ipe sauti kipaumbele, pakua masasisho usiku. Kinachonikosesha usingizi ni orodha: majina ya wagonjwa, alama za vidole, nani amepewa chakula na nani anaishi wapi.

Mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotenganishwa na familia zao kwa vita na maafa. Waliingia Novemba 2021 kupitia programu ambayo sasisho lake la usalama lilikuwa limeshatoka lakini halijawekwa, wakagundulika Januari. Taasisi ile ilieleza hadharani jinsi ilivyotokea, na naiheshimu kwa hilo. Wewe chukua somo lake: kila kifaa kiwe na jina la mtu anayekisasisha na tarehe aliyofanya hivyo, hata kile cha Ludewa.

Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla ya kupeleka orodha kwenye seva ya nje ya nchi soma masharti yake. Diski zote zifungwe kwa nywila tangu siku ya kwanza. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mji mwingine. Mimi huweka Iringa ya Mbeya, na Mbeya ya Iringa. Na wafundishe wakusanya taarifa kumwambia mama aliyekaa mbele yao, kwa lugha anayoielewa, orodha hiyo ni ya nini na kwamba anaweza kukataa.

Hatua ya 7: Chumba cha redio na watu wake

Hapa weka pesa nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Misheni hupenda kununua vifaa na kubana mishahara ya maopereta, kisha usiku wa manane anayesikiliza ni mtu mmoja aliyechoka. Watatu ni wachache, wanne wanapumua. Tafuta wa hapahapa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kinatoa vijana wanaojua umeme na mitandao, na opereta anayejibu “Ugonile” kwa mzee wa Rungwe au “Kamwene” kwa mama wa Njombe atapata habari ambayo mimi nisingeambiwa.

Madereva ndio wanafunzi wako wa kwanza, wala si wa mwisho. Wakae darasani na redio mkononi mpaka hili liwe kama salamu:

“Mbeya, Mbeya, hapa Gari Nne. Unanisoma? Ova.”

“Gari Nne, hapa Mbeya, nakusoma vizuri. Toa taarifa, ova.”

“Niko Matema, watu watatu, wote salama. Narudi hewani kesho saa moja asubuhi, sifuri saba sifuri sifuri. Ova.”

Mahali, idadi ya watu, hali, saa ya mawasiliano yajayo. Gari lisiposikika kwa saa iliyopangwa, opereta anajaribu njia ya pili baada ya dakika 15 na ya tatu baada ya 30. Saa moja ikipita anampigia mkuu wa usalama bila kuomba ruhusa ya mtu. Andika kwenye karatasi kwamba hatalaumiwa kwa kumwamsha bosi bure, na bosi aisaini.

Mara moja kwa mwezi, zima. Toa taarifa asubuhi kwamba leo kuanzia saa nne hadi saa saba hakuna simu wala intaneti, kazi iendelee. Mara ya kwanza kutakuwa na manung’uniko, na betri mbili zitakutwa tupu. Ndiyo maana ya kuzima.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga

Misheni zote huisha. Miezi sita kabla, anza kuhesabu vifaa. Vilivyoingia kwa msamaha wa kodi havigawiwi tu kwa shule au zahanati. TRA wanapaswa kuhusishwa kwanza. Waandikie TCRA kurudisha masafa. Diski zenye majina ya watu zivunjwe mbele ya mashahidi wawili, isiwe kuziuza sokoni Mwanjelwa na data yake. Nguzo za antena, muulize mwenyekiti wa kijiji kabla hujazing’oa, na mashimo yafukiwe.

Kisha chukua ile ramani ya ukimya ya wiki mbili za kwanza, uipitie upya na madereva, upake rangi mpya pale minara ilipojengwa. Ipige nakala. Moja iende kwa halmashauri ya kila wilaya uliyopita, nyingine kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kutoa ruzuku ili minara ijengwe pale ambapo biashara peke yake isingefika. Andika jina la kila kijiji, tarehe uliyopima, na maneno ya mzee yule kuhusu upande wa kengele.